Kikundi cha maigizo mjini Kisumu: tupate wapi mafunzo ya kitaaluma bila kuvunja kikundi?

Kiongozi wa kikundi, Kondele, Kisumu

Hamjambo ndugu zangu wasanii. Ninaongoza kikundi cha maigizo chenye watu 13, wanawake saba na wanaume sita, tulichokianzisha tukiwa vijana waliotoka katika tamasha za drama za shule na ambao hawakutaka jukwaa liishie pale. Tunafanyia mazoezi katika ukumbi wa kanisa hapa Kondele, alasiri za siku za kazi, kabla kwaya haijaingia saa kumi na moja. Riziki yetu inatoka mahali pawili. Shule zinapofunguliwa tunazunguka kuanzia Busia hadi Bomet tukiigiza vitabu teule vya fasihi vinavyotahiniwa. Miezi mingine tunaigiza sokoni na katika vituo vya afya, mashirika yanapotaka ujumbe kuhusu malaria, Ukimwi au amani wakati wa uchaguzi uwafikie watu.

Jambo lililonisukuma kuandika lilitokea muhula uliopita. Siku hiyo tulikuwa na maonyesho matatu katika shule tatu, na la mwisho lilikuwa katika bwalo la shule ya wasichana, lenye paa la mabati lisilo na dari, wanafunzi wapatao mia tisa wakiwa wamebanana kwenye benchi na wengine wameketi sakafuni. Katikati ya mchezo mvua ikaanza. Mwenzetu anayeigiza mama, ambaye ndiye mwenye maneno mengi kuliko sote, akapandisha sauti ili aishinde mvua, na kwa dakika kumi hivi akaishinda. Kisha akafungua kinywa kumjibu mwanawe, na kilichotoka kilikuwa kama upepo unaopenya kwenye tundu la mlango. Wasichana walicheka mwanzoni wakidhani ni sehemu ya mchezo. Walipomwona ameshika koo kwa mikono miwili na machozi yanamlengalenga, bwalo zima likanyamaza, tukawa tunasikia mabati tu. Alimaliza mchezo kwa ishara, huku kijana anayeigiza mwanawe akisema maneno ya pande zote mbili. Daktari wa koo alimweleza kwamba nyuzi zake za sauti zimeota vinundu. Anapumzika hadi leo, na mimi ndiye niliyekubali onyesho la tatu.

Tangu siku hiyo nimetambua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufundishwa kutumia sauti, au kuanguka jukwaani bila kuumia, au kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Tunajua kuigiza kwa sababu tumeigiza. Tuliwahi kuchangishana fedha tukamleta mkufunzi kwa wiki mbili. Alituchezesha michezo ya kuchangamshana, akatupiga picha nyingi, akatupa vyeti, na alipoondoka hatukubaki na zoezi hata moja ambalo tungeweza kulifanya wenyewe Jumatatu iliyofuata.

Kuna jambo la pili linaloninyima usingizi. Mtihani wa mwisho wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 utafanywa mwaka 2027. Hadi sasa fasihi ni lazima kwa kila mtahiniwa, na ndiyo maana mwalimu mkuu hujaza bwalo kwa ajili yetu. Katika sekondari pevu ya mtaala mpya, ambako wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Januari 2026, Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchagua. Bwalo la watu mia tisa litakuwa darasa la watu thelathini. Kikundi kisichojua kingine ila kuigiza vitabu vya mtihani kitakufa, na sitaki chetu kife.

Ninachoomba kujua ni hiki: mafunzo ya kitaaluma kwa watu kama sisi ni kitu gani hasa? Je, kila mmoja aende chuoni, jambo ambalo litakivunja kikundi kwa miaka minne, au kuna namna ya kujifunza tukiwa pamoja hapa Kisumu, bila kukimbilia Nairobi?

Mwalimu wa sauti, Nakuru

Pole sana dada, na umfikishie mwenzako pole zangu. Nimefundisha sauti kwa wanakwaya na waigizaji hapa Nakuru kwa muda mrefu, na kisa ulichokieleza nimekiona kwa sura nyingine mara nyingi mno, kwa walimu wa nasari, kwa wahubiri, hata kwa makondakta wa matatu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani ndani yake mna mambo mawili ambayo vikundi vingi huyachanganya.

Mazoezi ya mchezo si mafunzo. Mnapokutana alasiri mkarudia sehemu moja ya mchezo mara sita, mnautengeneza mchezo; hamwatengenezi waigizaji. Mwili na sauti za waigizaji zinatumika, hazijengwi. Mchezo ukishakwisha msimu wake, kila mtu anabaki na uwezo uleule alioingia nao, pamoja na uchovu. Mafunzo ni saa ambayo hakuna mchezo wowote unaoandaliwa, hakuna atakayetazama, na kinachoshughulikiwa ni pumzi, mgongo, ulimi, masikio na macho ya mwigizaji mwenyewe. Saa hiyo inaweza kuwa chuoni, inaweza kuwa katika ukumbi wenu wa kanisa. Mkufunzi wenu wa wiki mbili aliwapa shughuli bila kuwaachia utaratibu, na kosa hilo si lenu.

Sasa nije kwenye sauti, kwa kuwa hapo ndipo mlipoumia. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo kooni ambayo hugongana tunapozungumza. Kwa mwanamke hugongana wastani wa mara 200 hivi kila sekunde. Ikiwa katika mchezo wa saa moja na nusu dada yenu aliyeumia anazungumza nusu saa tu kwa jumla, nyuzi zake zimegongana zaidi ya mara 300,000, na siku ile zilikuwa zinaelekea kwenye milioni moja, tena kwa nguvu ya kushindana na mabati. Vinundu ni sugu, kama ile inayoota kiganjani mwa mtu anayelima bila kupumzika. Mara nyingi huisha bila upasuaji, kwa kupumzisha sauti na kujifunza kuitumia upya, lakini vikipuuzwa hukomaa. Chukulieni hili kama sheria ya kikundi: mtu yeyote ambaye sauti yake imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu aende akaangaliwe koo na daktari, asisubiri msimu uishe.

Ninajua mnachofanya kabla ya onyesho, kwa sababu kila kikundi hufanya hivyo: tangawizi, asali, limau, na wengine hunywa yai bichi. Tangawizi haina ubaya. Lakini chochote unachomeza hupita kwenye umio, yaani njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti hata kidogo. Kingezigusa ungekohoa hadi utoke machozi. Maji husaidia kwa sababu mwili mzima ukiwa na maji ya kutosha, utando wa nyuzi hizo hulainika, na hilo huchukua saa kadhaa. Basi maji yanyweni tangu asubuhi, mkiwa bado ndani ya matatu, badala ya kuyagugumia mlangoni mwa bwalo. Tena mkatazeni dada huyo kunong'ona. Watu hudhani kunong'ona ni kupumzika, kumbe kwa wengi hukaza koo kuliko kuongea kwa sauti ya kawaida na ya chini.

Kuhusu utaratibu wenyewe, haya mnaweza kuyaanza wiki hii bila kumlipa mtu. Laleni chali sakafuni, kila mmoja aweke pakiti ya unga ya kilo mbili juu ya kitovu. Vuta pumzi hadi pakiti ipande, bila mabega kusogea; itoe polepole kwa mlio wa "sss" hadi pakiti ishuke. Wengi wataanza na sekunde nane au kumi, na wataona aibu. Msijali. Baada ya mwezi mmoja wa kufanya hivyo kila siku, sekunde zitaongezeka, na muhimu zaidi, mtu atajua pumzi yake inakaa wapi. Kisha kaeni. Kila mmoja awe na glasi yenye maji hadi nusu na mrija wa soda, atumbukize ncha ya mrija kina cha vidole viwili, na apulize huku akiimba mlio wa "uuu" kutoka chini kwenda juu na kurudi chini, mapovu yakitoka bila kukatika. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini madaktari wa sauti hulitumia kwa wagonjwa wenye tatizo kama la dada yenu, kwa sababu shinikizo linalorudi kutoka kwenye mrija husaidia nyuzi kukutana taratibu bila kugongana kwa nguvu. Dakika tano kabla ya onyesho, dakika tano baada yake. Wengi hupasha sauti joto kabla na kusahau kuipoza baadaye, ilhali mwanariadha hawezi kumaliza mbio akaketi hapohapo.

Na bwalo la mabati? Hakuna sauti ya binadamu iliyofunzwa kushindana na mvua juu ya bati. Mwelekezi aliyefunzwa husimamisha mchezo, hushuka kwa hadhira, huimbisha wanafunzi wimbo hadi mvua ipungue, kisha anaendelea. Huo nao ni ujuzi, na unaweza kuufanyia mazoezi.

Mhitimu wa sanaa za maonyesho, Nakuru

Ninakubaliana na mwalimu, ila ningependa kukitetea chuo kidogo, kwa kuwa nilipitia huko na ninajua kilichonipa na kisichonipa.

Kwanza, si lazima mtu wa Kisumu aende Nairobi. Chuo Kikuu cha Maseno, kilicho kwenye barabara ya Busia mwendo wa chini ya saa moja kutoka kwenu, kimefundisha muziki na sanaa za maonyesho. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kina idara inayounganisha fasihi, thieta na filamu. Huku kwetu Chuo Kikuu cha Kabarak kinafundisha muziki. Kwa Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina thieta na filamu, na kwa muziki peke yake kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka 1944. Mtu anayetaka cheti cha muziki bila kukaa chuoni anaweza kujiandaa na mwalimu wa karibu naye na kufanya mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, yenye gredi ya kwanza hadi ya nane.

Kilichonipa chuo ni macho. Katika muhula wa kwanza mhadhiri wetu alitutembeza kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kwa wiki tatu. Kutembea tu. Nilikuwa nimeigiza tangu shule ya msingi na nilijiona nimedharauliwa, hadi siku aliponisimamisha akaniuliza kwa nini ninaingia jukwaani kwa bega la kulia kila mara, niwe mfalme au mtumwa. Sikuwa najua. Miaka yote ile nilikuwa nikiigiza watu kumi tofauti kwa bega moja. Nilijifunza pia kuusoma mchezo kabla ya kuugusa, kupanga taa, kutengeneza maleba, yaani mavazi ya jukwaani, yanayoweza kuvuliwa kwa sekunde ishirini gizani, na kuandika bajeti.

Kisichonipa ni saa za jukwaani. Katika miaka minne niliigiza mbele ya watu mara chache kuliko ambavyo kikundi chenu huigiza kwa mwezi. Nilipohitimu na kujiunga na kikundi hapa Nakuru, vijana wasio na karatasi yoyote walinipita mbali kwa namna walivyoweza kumshika mtazamaji anayetaka kuondoka. Nilichukua mwaka mzima kuwafikia.

Kwa hiyo, dada, msiende wote na msikose kwenda. Wachagueni wawili, mmoja mwenye moyo wa uelekezi na mmoja mwenye sikio la muziki, waombe nafasi ya stashahada au shahada karibu na nyumbani, na mkubaliane mapema kwamba kila likizo watawafundisha wenzao walichojifunza. Waliobaki waendelee na kazi ili wanaosoma wawe na jukwaa la kurudia. Nasema hivi nikijua kwamba karo ni mzigo mkubwa. Lakini kikundi kinachochangia karo ya mmoja wao kwa masharti kinapata mwalimu wa kudumu, wakati fedha zilezile zikimlipa mgeni zinanunua wiki mbili.

Umetaja mkataba, nami ninaomba nikuulize swali gumu: vitabu mnavyoviigiza shuleni, mna ruhusa ya watunzi au wachapishaji wake? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaulinda uandishi kwa muda wote wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kugeuza riwaya kuwa mchezo wa jukwaani ni haki yake pia. Vikundi vingi havijui, na shule hazijali kuuliza. Mtu aliyefunzwa kitaaluma angeanza na barua hiyo kabla ya kugawa sehemu za waigizaji.

Kuhusu mwaka 2027 nina tumaini zaidi yako. Katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo wa sekondari pevu mna somo la Thieta na Filamu, na lingine la Muziki na Dansi. Huenda walimu wengi walioletewa masomo hayo hawakuyasomea. Watahitaji watu wa kuonyesha wanafunzi namna ya kupasha mwili joto, kuunda mhusika na kujenga jukwaa kwa mbao na kitambaa. Onyesho la watu mia tisa litapungua, lakini kazi ya kufundisha kwa vitendo itaongezeka kwa kikundi kinachojua kueleza kile kinachofanya.

Mpiga isukuti, Khayega, Kakamega

Mwanangu, nimesoma haya yote kwa makini na nimeyapenda, ila kuna neno moja linalonikwaza. Mnasema "mafunzo ya kitaaluma" kana kwamba sisi tuliojifunza kwa wazee wetu hatukufunzwa.

Nilifundishwa isukuti na mjomba wangu. Ngoma zetu ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pamoja nazo huenda pembe ya swala na njuga za chuma. Nilikaa na ngoma ndogo kwa miaka mitatu. Mjomba hakuniambia nifanye nini. Alikuwa akinigonga begani kwa kidole pale ninapokimbiza mapigo, na sikujua ni kosa gani hadi nilipojifunza kuisikia ngoma ya kati kabla ya kuisikia yangu. Siku aliponikabidhi ngoma ya kati nilidhani nimefika. Akanipeleka matangani, usiku wa pili, watu wamechoka na wafiwa wamekauka machozi, akaniambia: sasa wainue. Pale nikagundua kwamba mapigo niliyoyajua yalikuwa ya arusi. Kila shughuli ina mwendo wake: kuzaliwa, jando, arusi, msiba, mapigano ya fahali pale Khayega na Shinyalu. Mtu anayepiga mwendo wa fahali matangani amewatusi wenye msiba hata kama mikono yake ni myepesi kiasi gani.

Hayo ni mafunzo, tena ni magumu, na yana mtihani, kwa sababu wazee waliokaa pembeni watanyamaza ukikosea, na ukimya wao unauma kuliko alama za karatasi.

Ila nisidanganye. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wengi walishangilia, nami nilifurahi, lakini ukisoma jina la orodha lenyewe utaona kwamba hatukupewa tuzo; tuliambiwa kwamba mgonjwa yuko mahututi. Wapigaji wamezeeka na waliokuwa wakirithi wamekwenda mijini. Njia ya mjomba na mpwa inahitaji wote wawili wakae kijiji kimoja kwa miaka kumi, na siku hizi ni nani anayekaa? Kwa hiyo sisi pia tunahitaji kitu kutoka kwa watu wa vyuo: namna ya kuyaandika mapigo, kuyarekodi vizuri, na kuyapanga ili kijana anayekuja kwa likizo ya mwezi mmoja aondoke na kitu kamili.

Ushauri wangu kwako ni huu. Hapo Kisumu mmezungukwa na mafundi wa nyatiti yenye nyuzi nane, wa orutu yenye uzi mmoja, na wa ngoma za ohangla. Msiwaalike kuja kuwapigia muziki siku ya onyesho halafu mkawalipa nauli. Wapelekeni waigizaji wawili wakakae naye mzee mmoja, Jumamosi moja baada ya nyingine, kwa mwaka. Mwigizaji aliyekaa na mpiga nyatiti atajifunza jambo ambalo mwalimu wa Nakuru amelitaja kwa njia yake, yaani kwamba mtu anaweza kuimba kisa cha saa nzima bila kupiga kelele hata mara moja, na watu wakainama mbele ili wamsikie.

Mkazi wa Milimani, Kisumu

Nitaongeza moja tu, kuhusu mahali. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, na pia vyuo vya ufundi vya vijiji. Mambo hayo mawili yako chini ya paa moja, lakini mara chache nimesikia kikundi cha sanaa kikidai chumba katika chuo cha ufundi. Mnachohitaji si ukumbi mkubwa. Ni chumba chenye sakafu ya mbao isiyoumiza magoti, kioo ukutani, na ufunguo wa asubuhi. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hutakiwa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Nendeni na ombi lililoandikwa, ukurasa mmoja, lenye vipimo vya chumba. Wanaokwenda na malalamiko ya jumla kwamba sanaa imesahauliwa hupigiwa makofi na kurudi nyumbani.

Kiongozi wa kikundi, Kondele, Kisumu

Ninawashukuru nyote kutoka moyoni, na wewe mzee wa Khayega, nimelipokea neno lako na sitalitumia tena kwa namna ile. Nyanya yangu alikuwa mwimbaji wa dodo, nyimbo za asili za Kiluo, akialikwa hadi vijiji vya mbali, na sikuwahi kufikiri kumwita mtu aliyefunzwa.

Juzi nilikiita kikundi tukasoma majibu haya kwa sauti. Tumekubaliana mambo matatu. Jumatatu na Alhamisi, saa nzima ya kwanza, hakuna kugusa mchezo wowote. Hatutakubali zaidi ya maonyesho mawili kwa siku. Mwalimu mkuu mmoja tuliyempigia kumweleza alikasirika akasema vikundi vingine vinafanya manne, nikamwambia avichukue hivyo. Na barua kwa wachapishaji tumeanza kuiandika, ingawa imetutia hofu, kwa sababu kwa miaka yote tumekuwa tukila jasho la watu bila kuwauliza.

Leo asubuhi tulilala sakafuni na pakiti za unga. Yule anayejigamba kuwa na sauti ya simba hakufikisha sekunde saba. Mwenzetu aliyeumia alikuja pia, ameketi pembeni na daftari lake ambalo hutumia kuandika anachotaka kusema. Aliandika swali nikuulize wewe, mwalimu: je, zoezi la mrija anaweza kulifanya sasa hivi, au asubiri hadi daktari amwambie vinundu vimeisha?

Mwalimu wa sauti, Nakuru

Asilianze kabla hajamwonyesha daktari aliyemtazama koo. Amweleze zoezi lenyewe kwa maandishi, glasi, maji na mrija, naye atamwambia kama wakati umefika. Akiruhusiwa, aanze na dakika mbili, mara nne au tano kwa siku, kwa sauti ndogo ya katikati, bila kupanda wala kushuka. Wiki ya kwanza asijaribu noti za juu hata akijisikia vizuri. Akihisi kitu chochote kinachochoma, kinachokaza au kinachowasha, aache hapo hapo, anywe maji, na arudie kesho.

Na mwambieni alete daftari lake kwenye mazoezi kila siku. Anaweza kukaa kiti cha mwelekezi wakati huu akiwatazama wengine na kuandika anachokiona, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee katika kikundi ambaye kwa sasa analazimika kusikiliza tu.